Zamani Nepi Zilifuliwa na Wengi

Ukitaja Lubao siku hizi, mtu wa Nairobi atakuuliza habari za mbwa. Soko letu, lililo kando ya barabara ya Kakamega kwenda Webuye, limejipatia jina kwa biashara hiyo. Siku ya soko mbwa huletwa wamefungwa kamba, wanunuzi huwafunua midomo wakatazama meno, na wageni huja na kamera. Sina neno na mbwa. Lakini mimi niliyekulia nyuma ya soko hilo, upande wa kuelekea msituni, nikiikumbuka Lubao ya utoto wangu nakumbuka kwanza nepi.

Zilikuwa nyeupe, za mraba, zimeanikwa kwenye kamba iliyofungwa kutoka mkaratusi hadi kwenye nguzo ya jikoni. Mpita njia hakuhitaji kuambiwa kwamba boma fulani lina mtoto mchanga. Aliziona, akakata kona, akaingia kusabahi, na kama ni mwanamke hakutoka kabla hajagusa beseni.

Mama alijifungua kitinda mimba wetu mwaka wa 1986, nikiwa darasa la sita. Nepi za mtoto huyo zilikuwa dazeni mbili. Dazeni moja ilikuwa ya taulo, ilinunuliwa katika duka la Mhindi mjini Kakamega, na ilikuwa imeshavaliwa na ndugu zangu wawili kabla yake, pembe zimeanza kutoka nyuzi. Dazeni ya pili Mama aliishona mwenyewe kwa shuka kuukuu na leso zilizopauka, akikunja ukingo mara mbili usije ukamkwaruza mtoto. Za taulo zilikuwa za usiku na za safari, maana zinanyonya. Za shuka zilikuwa za mchana, maana zinakauka upesi.

Kuifunga kulikuwa na utaratibu wake. Unakunja mraba uwe pembetatu, unamlaza mtoto makalio yakiwa juu ya ule upande mrefu, unaipitisha pembe ya chini katikati ya miguu, kisha pembe za ubavuni zinaletwa juu ya tumbo zikutane. Pini ilikuwa kubwa, yenye kichwa cha plastiki ya samawati, na kabla ya kuitia Kukhu, yaani bibi yangu, aliipitisha kwenye nywele zake ipate mafuta, iteleze. Kidole chake kilikaa ndani ya kitambaa, kati ya pini na ngozi ya mtoto. Kama kuna wa kuchomwa, ni yeye. Pini iliyotiwa kwa njia nyingine aliifungua akaanza upya, hata kama aliyeifunga ni Mama mwenyewe.

Kufua nako kulitaka ujuzi. Nepi yenye kinyesi ilikung'utwa chooni kwanza, ikasuuzwa, na maji yake yakamwagwa kwenye migomba. Kuisuuza karibu na chemchemi ilikuwa mwiko, maana pale watu wanateka ya kunywa. Za mkojo zililowekwa kwenye ndoo yake. Jioni sabuni ya mche ilikatwa vipande vyembamba ndani ya debe lililokaa juu ya mafiga, nepi zikachemshwa huku zikigeuzwa kwa kijiti kilichochongwa kwa kazi hiyo tu. Alfajiri zilisuuzwa tena na tena, kwa sababu sabuni ikibaki ndiyo humchubua mtoto mapajani, kisha zikaanikwa mapema iwezekanavyo. Haraka hiyo ilikuwa na sababu. Kakamega hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na nyingi yake hushuka alasiri, kwa radi, pengine na mvua ya mawe. Nguo ambayo jua halijaikausha kufikia saa nane haikauki siku hiyo, na nepi iliyokaushwa jikoni hunuka moshi.

Halafu kulikuwa na pasi ya makaa. Wapo wanaodhani ilikuwa madaha. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo yenye unyevu. Mtoto akiivaa, buu huingia ngozini na kutokea jipu lenye tundu katikati. Moto wa pasi huyaua mayai hayo. Kwa hiyo kila nepi ilipigwa pasi, pande zote mbili, hadi kwenye mishono.

Sasa fikiria kazi hiyo kwa mtoto mchanga anayemaliza nepi 10 na zaidi kutwa na kucha. Mama aliyetoka kujifungua haiwezi peke yake, na hakuna aliyetarajia aiweze. Juma la kwanza alikuja senge, dada yake Baba, akalala kwetu. Baada yake majirani walipokezana bila orodha wala mkutano, huyu Jumatatu kwa kuwa shamba lake liko karibu, yule siku ya soko kwa kuwa atapita tu. Akina mama wa kanisa la Marafiki walikuja na unga wa wimbi, kuku na sabuni. Waisukha wa huku kwetu wana ngoma ya isukuti ya kumpokea mtoto kama walivyo nayo ya harusi na matanga, na mwaka wa 2014 UNESCO iliitia ngoma hiyo kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura. Nilifurahi sana. Wafuaji wa nepi hawakuwahi kuingia orodha yoyote, na wao ndio waliotangulia kutoweka.

Nasema walitoweka kwa uchungu, kwa sababu kilichoondoka nao kilikuwa zaidi ya usafi. Anayefua nepi huisoma afya ya mtoto. Mtoto anayenyonya vizuri, akishazipita siku za kwanza, hulowesha nepi 6 au zaidi kwa siku. Wanawake wale hawakuwa na kijitabu cha kuwaambia hivyo, lakini waliinua ndoo wakajua kwa uzito wake kama maziwa yanatosha. Wakiona kinyesi cha majimaji walichanganya kile walichofundishwa kliniki, lita 1 ya maji yaliyochemshwa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, na hali isipotulia mtoto alipelekwa zahanati siku hiyo hiyo. Walimwona na mama pia. Kama anatokwa machozi bila kujua analia nini, aliyekuja kufua hakuondoka baada ya kufua. Alimbeba mtoto mgongoni, akapika, akamlaza mzazi, akakaa mpaka giza likaingia. Hakuna aliyeipa hali hiyo jina la ugonjwa, ila hakuna mama aliyeachwa nayo peke yake.

Na nepi zenyewe hazikuvaliwa muda mrefu. Kukhu alikuwa akimweka mtoto wa miezi michache juu ya miguu yake aliyoinyoosha, amemwegemeza kwake, huku akimpigia sauti ya pumzi, shhh, hadi mkojo utoke. Baadaye sana nilikuja kujua kwamba desturi ya namna hiyo iliandikwa na wataalamu. Mwaka wa 1977 Marten na Rachel deVries walichapisha katika jarida la Pediatrics habari za Wadigo wa pwani yetu, ambao huanza kumzoeza mtoto akiwa na wiki chache tu, na akifika miezi 5 au 6 huwa mkavu usiku na mchana. Madaktari wengi wa Marekani wakati huo waliamini mtoto hawezi kuzoezwa kabla ya mwaka mmoja na nusu. Kukhu wangu hakuwahi kufika Kwale, wala Wadigo hawakuja Lubao kumfunza. Walichokuwa nacho wote ni mtu mzima mwenye nafasi ya kukaa na mtoto asubuhi nzima na kuzijua dalili zake.

Siwezi kusifu yote. Maji ya debe lile yaliletwa na wasichana, kwa vichwa vyetu, na asubuhi nyingi za mwaka ule nilifika shuleni hesabu zimeshafutwa ubaoni. Rafiki yangu wa boma la pili aliacha masomo darasa la saba akiwa na mdogo wake mgongoni, wala hakurudi. Elimu ya msingi ilipofanywa ya bure mwezi wa Januari 2003, madarasa yakafurika, beseni nyingi zilipoteza mfuaji, na ilikuwa haki tupu. Ninachosikitikia ni kwamba mzigo wa wasichana ulipoondolewa hakuna aliyejitokeza kuubeba. Uliachwa kwa mama mmoja.

Wakati huo wakubwa nao walikuwa wamepungua. Ukimwi uliingia maboma yetu miaka ya 1990, na kufikia Novemba 1999, serikali ilipoutangaza kuwa janga la taifa, makaburi ya akina senge wa marika yote yalikuwa yameshaota nyasi. Waliobaki wakatafuta maisha, wengine kwenye miwa ya Kabras, wengine Eldoret, wengine kwenye nyumba za watu Nairobi, wakilea watoto wa wengine. Boma lililokuwa na wanawake saba likabaki na Kukhu mmoja mwenye magoti mabovu.

Pampasi zilikuja kuziba pengo hilo, na zilikuja wakati wake. Zilianza kuuzwa Marekani mwaka wa 1961, zikitengenezwa na kampuni ya Procter & Gamble, na mmoja wa waliozibuni, mhandisi Victor Mills, alikuwa babu aliyechoshwa na kufulia wajukuu wake nepi. Kwetu zilikuwa kwanza za wenye mshahara, na hata wao walimvalisha mtoto wakienda kanisani au kliniki tu. Kisha zikaanza kufunguliwa pakiti dukani na kuuzwa moja moja, pamoja na sukari ya kupima na mafuta ya kikombe. Hapo ndipo zilipoingia kila nyumba. Pampasi ya shilingi 20 haionekani kuwa gharama kubwa. Mtoto wa kubadilishwa mara 6 kwa siku anakula shilingi 120, na mwezi ukiisha ni 3,600, katika nyumba ambayo kodi ya chumba haifiki hapo. Ndiyo maana utaona mtoto ameshinda na moja tangu asubuhi, imening'inia magotini, na jioni mama anatafuta dawa ya vipele.

Na zikitumika, zinakwenda wapi? Lubao haina gari la taka linalopita mlangoni. Wengine huzitupa kwenye choo cha shimo, na shimo lililokuwa la kudumu miaka mingi linajaa mapema. Kuchoma wengi wanaogopa, wapo wasemao kwamba kinyesi cha mtoto kikiungua na ngozi yake itaungua. Kwa hiyo zinaishia kwenye migomba na mitaro. Sisi wa soko la mbwa tunaona kinachofuata. Mbwa huifukua, huichana, akaiacha barabarani, na mvua ya alasiri hutawanya ule ute wa ndani unaofyonza maji hadi chini kwenye chemchemi. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, kwa faini ya hadi shilingi milioni 4, na kweli mifuko ilipotea machoni. Pampasi ina plastiki juu, plastiki ndani, massa ya karatasi katikati na chembechembe za kemikali za kushika mkojo. Haikuguswa na marufuku ile, na sishangai. Ukimnyang'anya mama pampasi bila kumrudishia watu wa kumsaidia kufua, umemwonea.

Binti yangu ndiye aliyenirudisha kwenye mambo haya. Anaishi kwenye ploti hapa Lubao, chumba kimoja, mume wake akiwa kazini Nairobi, na alipojifungua aliamua kutumia nepi za kufua. Hizi za kisasa zina umbo la chupi, nje kitambaa kisichopitisha maji, ndani mfuko wa kutilia taulo, na vifungo vya kubana vinavyosogezwa mtoto anavyokua. Pini haipo tena. Nilizishika, nikageuza mishono, nikaziona nzuri kuliko za kwetu. Ila hazitakiwi kuchemshwa wala kupigwa pasi, maana lile ganda la nje huharibika, kwa hiyo ni jua kali peke yake linalotegemewa dhidi ya nzi, pamoja na kuianika mpaka ikauke kabisa.

Hapo ndipo ploti inapomshinda mtu. Maji anayanunua kwa mtungi wa lita 20. Kamba ni moja kwa vyumba vyote, na akianika nepi mpangaji mwingine huzisukuma pembeni, akisema shati lake la kazi haliwezi kukaa karibu na mavi ya mtoto, hata zikiwa zimetakata. Mvua ikitishia naye yuko dukani, hakuna wa kuzianua. Mimi ninaishi mbali na nina kazi. Jioni moja nilimkuta ameketi sakafuni, ndoo imejaa, mtoto analia kitandani, pakiti ya pampasi imefunguliwa kando yake.

"Mama," akaniambia, "kufua naweza. Kinachonishinda ni kufua peke yangu."

Sikuwa na la kumfundisha. Nilivua viatu nikaanza kusuuza.

Msaada wa kudumu ulitoka kwa mwanamke anayepita nyumba hadi nyumba kupima watoto. Ni mmoja wa wale wahudumu wa afya ya jamii 100,000 ambao serikali ilizindua kazi yao Septemba 2023 na kuwapa mikoba ya vifaa, kila mmoja akihudumia nyumba kama 100. Aliona ile ndoo, akauliza maswali, akamwambia kwamba wapo wengine wanne wenye watoto wa umri ule ule ng'ambo ya barabara, na kwamba wanakutana. Mtindo wa namna hii si mgeni magharibi mwa Kenya. Tangu 2012, mpango wa Chamas for Change chini ya AMPATH umekuwa ukiwakutanisha wajawazito na wazazi wapya katika vikundi, wakifunzwa afya na kuweka akiba kwa pamoja. Kikundi cha binti yangu hakina mfadhili wala jina rasmi. Wanachanga kila mkutano, na anayefikiwa na zamu ananunuliwa nepi kwanza, pesa baadaye. Mtoto akiacha kuvaa, nepi zinachemshwa kama ni za taulo, zinalowekwa na kuanikwa juani kama ni za kisasa, kisha zinapewa anayefuata.

Wana fundi cherehani kati yao. Hununua taulo na flaneli za mitumba sokoni, anatoa nepi nne kwa taulo moja kubwa, na vipande vinavyobaki vinakuwa vitambaa vya kumfutia mtoto. Wamemwita pia Kukhu mmoja wa jirani, aliyewahi kumfulia mama yangu mwaka ule wa 1986. Hafui tena. Anakaa kwenye kiti, mtoto amelala juu ya miguu yake, naye anawaonyesha jinsi ya kumshika na wakati wa kumpigia ile pumzi. Nilimwona akikataa namna mmoja wao alivyofunga, akafungua, akaanza upya.

Siku za kufua ni mbili kwa wiki, katika boma lenye kisima. Mwenye boma hadai pesa, ila wanamwachia sabuni. Wakifua wanazungumza, na nimesikia pale, kwa sauti za wasichana wa umri wa binti yangu, maswali yale yale niliyoyasikia kwa mama zetu. Anakunywa vya kutosha? Huu ukijani ni wa nini? Wewe mwenyewe umelala? Mmoja aligunduliwa hapo kwamba alikuwa hajala vizuri kwa muda, na siku iliyofuata walimpikia.

Utafiti wa serikali ya Uingereza uliotolewa 2023 ulipata kwamba nepi za kufua huchangia joto la dunia kwa asilimia 25 pungufu ya zile za kutupa, pamoja na umeme wote wa mashine zao za kufulia. Sisi tunafua kwa mkono na kukausha kwa jua, kwa hiyo kwa upande huo hatuna wasiwasi. Wasiwasi wetu ni maji na mikono.

Kaunti ya Kakamega iliwahi kuonyesha kwamba inaweza kumfikia mzazi mpaka mfukoni. Mpango wa Oparanya Care, ulioanza 2013, uliwalipa akina mama wasiojiweza shilingi 2,000 kwa awamu 6, mradi wahudhurie kliniki, wajifungulie hospitalini na wamalize chanjo za mtoto. Namfahamu zaidi ya mmoja aliyenunua blanketi na nepi kwa awamu ya kujifungua. Pesa hizo zilimfikisha mama hospitalini na kumrudisha nyumbani salama. Ila akishafika nyumbani, na mlango ukafungwa, kile kilichofanywa zamani na senge na jirani hakikuwa kwenye hesabu ya mtu yeyote, na mpaka leo hakimo.

Kwa hiyo naandika haya kwa wanaokaa mezani kupanga bajeti za afya ya mama na mtoto pale Kakamega. Wekeni sabuni kwenye mkoba wa mhudumu wa afya, pamoja na mizani. Wekeni tangi la maji ya mvua na kamba iliyofunikwa kwa mabati kwenye kila zahanati yenye kliniki ya watoto, akina mama waje wafulie hapo siku ya chanjo. Na wale wazee wachache waliobaki wanaojua kumshika mtoto na kumsomea afya yake kwenye beseni, walipwe posho wafundishe, kama mnavyowalipa wanaokuja kutufundisha semina hotelini. Yule Kukhu wa kikundi cha binti yangu hutembea kwa mkongojo kutoka ng'ambo ya soko, na hakuna anayemlipia hata nauli ya boda.